Minyaa ya Mpaka wa Heru Juu

Jumatatu, 3 Machi 2014
Nimeloweka muhogo, nimepalilia maharage ya kaka. Hapa Kumsenga kila kitu ni cha kaka. Shamba langu la Heru Juu analima jirani, korti ilimpa. Wakili wangu wa zamani alichelewesha rufaa, ikatupwa bila kusikilizwa. Namchukia. Sasa nimemshtaki yeye.

Alhamisi, 13 Machi
Kasulu. Wakili mpya, dada Zuhura, kanipa chai. Kuchelewa kumethibitika, muhuri wa korti kwenye rufaa una tarehe. Nikafurahi. Kumbe haitoshi. Yule bwana, wakili wa zamani, anajibu kwamba hata angewahi, ningeshindwa tu. Kwa hiyo lazima nioneshe ningeshinda. Yaani kesi ya shamba niishinde kwanza, ndani ya hii. Kichwa kinauma.

Jumanne, 25 Machi
Nimemweleza Zuhura habari za minyaa ya mpaka, ile miti ya utomvu mweupe aliyoipanda marehemu mume wangu wazee wakishuhudia. Wazee wamekwisha kufa. Zuhura akachangamka. "Mama, twende tukaipige picha." Nikaaga, nikaondoka. Mwoga mimi.

Jumatano, 26 Machi
Nimempigia simu, nimesema ukweli. Siku ya kuhama niliing'oa yote kwa jembe, nikaja na vipande vyake. Sikutaka alama ya mume wangu imlindie mwizi shamba. Maziwa ya minyaa yaliniingia machoni. Nililia siku mbili.
Zuhura kasema: "Mama, umeng'oa ushahidi wetu." Hakunikaripia. Bora angenikaripia.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kortini. Yule wakili wa zamani kaniamkia, shikamoo mama. Nikaitika marahaba, mdomo umezoea. Mtetezi wake kaniuliza minyaa iko wapi.
"Nimeipanda kwa kaka yangu, Kumsenga."
Watu wakacheka. Hakimu akaandika.

Jumatatu, 16 Februari 2015
Hukumu. Alizembea, hakimu kasema wazi. Lakini sikuthibitisha kwamba uzembe wake ndio ulionikosesha shamba. Eti hakuna ajuaye mpaka ulipita wapi. Mimi najua. Hata nifumbe macho naupita. Yule wakili wa zamani katoka anacheka na simu. Mwanangu Anastazia kanishika mkono mpaka stendi. Nimemwonea huruma, shamba lilikuwa liwe lake.

Jumapili, 22 Februari
Sikwenda kanisani. Minyaa imeshika, imenipita kimo. Niliipanda kwa mstari, kama kule. Upande huu shamba la kaka. Upande ule shamba la kaka. Nimeipalilia.