Springi Iliyochomelewa Mara Mbili

Mjukuu wangu Wakesho,

Huku Marungu tunaendelea, ila bibi yako anaumwa na magoti, nami siku hizi nachoka mapema. Umeniuliza kama utengeneze giaboksi ya gari lako au ununue nyingine.

Miaka ya hamsini nilikuwa na lori kuukuu. Springi ilipovunjika mara ya pili, fundi wa Voi aliniambia, "Chuma hiki kimechoka. Nunua mpya." Pesa nilikuwa nazo, lakini nikamwambia achomelee tena.

Wiki hiyo hiyo springi ilikatika nikitoka Kishushe, siku ya kumchukua baba yangu hospitali ya Voi. Siku ya tatu ndipo likapita lori la kunivuta. Nilimkuta baba kwenye baraza ya hospitali na kifurushi chake, amekonda; habari za lori zilikuwa zimemfikia.

"Gari limepona?" akauliza.

"Bado, baba."

"Basi keti, tulingojee pamoja."

Tuliketi kutwa nzima, fundi akifunga springi mpya. Hakunilaumu, nami sikuwahi kumwambia kwamba ningeweza kuinunua mapema.

Giaboksi yako siijui, pengine inatengenezeka. Nimekueleza tu kilichonigharimu mimi.

Babu yako,
Mwakio