Alhamisi ya Koko

Jumapili jioni, Kitengela. Baridi ya mwezi wa saba. Mawingu yamekaa chini tangu asubuhi na hata vumbi limetulia.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Baba, ambaye jana nilimwambia mengine yote. Alhamisi nilifurahi. Nilijua kuna nyanya wa watu anatungoja, nilijua ni kwa sababu yangu hatuendi, na bado nilifurahi.

Naliandikia blogu yangu kwa sababu hakuna anayenijua anayesoma huko. Sasa ni kalamu na daftari. Kesho baada ya shule nitapita saiba, kwenye kompyuta za kukodi, nilichape.

Baba ni karani katika ofisi moja ya serikali kule Kajiado. Jioni na wikendi ni mchungaji msaidizi wa kanisa letu. Mama anaongoza kwaya. Walioana wakiwa wadogo sana, kwa hivyo wageni hudhani Mama ni dada yangu. Mimi niko na miaka kumi na sita, mdogo wangu Caleb ana mitano, na Imani ana miezi minne na bado hajajua usingizi ni kitu gani. Jumatatu tuna ushirika wa nyumbani. Jumanne kwaya. Jumatano maombi. Ijumaa nyingine huwa na kesha, na Jumamosi haikosi kamati ya harusi ya mtu au matanga ya mtu. Caleb amezoea mikutano hivi kwamba akimaliza kula huuliza, "Nani anatufungia na neno la maombi?"

Majuma mawili yaliyopita nilimkuta Mama amepiga magoti kando ya kitanda, uso kwenye blanketi. Nikasimama mlangoni nikingoja amalize kuomba. Hakumaliza. Alikuwa amelala.

Ni Alhamisi peke yake ambayo haina kitu. Alhamisi ni yetu.

Sasa Koko. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na kanisani sote tunamwita hivyo. Anakaa ng'ambo ya lami, pale ploti zinapoishia. Alianza kuja kwetu mwezi wa tano, peke yake, anaketi benchi ya pili na kupiga makofi nyimbo zote hata zile zisizopigiwa makofi. Kanisa letu ni la wapangaji, wengi wametoka magharibi kama sisi. Wanaojua Kimaasai ni Mzee Lemayian, ambaye ndiye mkalimani, na mkewe, na mimi. Mimi nilizaliwa Kajiado, tukakaa karibu na soko la mifugo hadi nikafika darasa la sita, na watoto niliocheza nao hawakuwa na lugha nyingine.

Jumapili iliyopita Mzee Lemayian na mkewe walikuwa Kimana, shambani kwao, kuvuna vitunguu. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Koko akasimama. Baba akatazama huku na huku, kisha akanitazama mimi.

Mimi ni mtu ambaye hata darasani nikiulizwa swali ninalolijua, huwa naangalia viatu vyangu. Nilienda mbele.

Koko alisema hivi: "Binti yangu amenijengea nyumba ya mabati. Sijaingia. Nataka watu wa Mungu waingie kwanza, waombe, ndipo mimi niingie. Njooni Alhamisi jioni. Nitachemsha chai, na mbuzi yuko."

Nilielewa kila neno.

Nikamtazama Mama. Alikuwa amemlaza Imani begani, anampigapiga mgongo huku macho yake mwenyewe yamefumbwa. Nikasema kwa Kiswahili, "Koko anamshukuru Mungu kwa nyumba mpya. Anaomba tumkumbuke katika maombi."

Kanisa zima likaitikia, "Amina."

Hiyo Amina sikuwa nimeifikiria. Kiswahili cha Koko ni cha sokoni: habari, bei gani, kesho. Lakini amina anaijua. Aliisikia, uso ukamchangamka, akazunguka akiwashika watu mikono mmoja mmoja. Kwake yeye, tulikuwa tumekubali sote.

Ningeweza kusimama tena wakati huo. Palikuwa na nyimbo mbili, matangazo na sadaka kabla ya watu kutoka. Nilihesabu nyimbo, nikakaa.

Alhamisi Baba alifika mapema, akavua soksi na kunyoosha miguu. Mama alipika chapati, kisha akanisuka, jambo ambalo hajapata nafasi ya kulifanya tangu Imani azaliwe. Caleb alipanda juu ya kiti akatuhubiria kuhusu ng'ombe aliyekataa kuingia safina kwa sababu ndani hakuna nyasi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kupitia dirishani nikasikia kengele za mbuzi wakirudishwa nyumbani, nikajua ndiyo saa aliyosema Koko.

Nikamega chapati nyingine.

Ijumaa wakati wa mapumziko, Nashipae alinifuata hadi nyuma ya maktaba. Tunasoma darasa moja, na Koko ndiye mama wa babake.

"Niambie," akasema, "nyinyi watu wa church yenu mnakulanga mbuzi ama mnakulanga amina tu?"

"Mbuzi gani?"

"Si mlisema mnakuja jana? Koko alitandika shuka mpya kwa viti. Akaomba chupa ya chai ya jirani, vikombe za jirani. Akakaa nje na kabuti ya baba, na vile kulikuwa na baridi. Baba akipita anamuuliza, 'Mama, wageni wako wanakuja na ngamia?' Akipita tena, 'Mama, labda wamekwama kwa maombi.'"

Alicheka, kisha akaacha.

"Lakini alilia, wewe. Mimi sijawahi kumuona akilia."

Nikamwambia labda sikusikia vizuri Kimaasai chake.

"Wewe?" Nashipae alinikazia macho. "Koko mwenyewe husema wewe ndio Mmaasai, mimi ni mtu wa tao, wa mjini."

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, na haukufika hata mwisho wa mapumziko.

Jana asubuhi Baba alikuwa anapiga viatu rangi, tayari kwa kamati ya harusi. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Hakunipigia kelele. Aliweka kiatu chini, brashi bado mkononi.

"Mkalimani ni mdomo wa mtu," akasema. "Umemfunga mama wa watu mdomo mbele za Mungu."

Mama alikuwa ananyonyesha. "Kwa nini, mama?" akaniuliza. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mamake.

"Nilitaka upumzike."

Alimfunika Imani vizuri. "Ungeniambia mimi nimechoka," akasema. "Usingemnyamazisha yeye." Kisha kwa sauti ndogo, "Na vile mimi niliifurahia hiyo Alhamisi." Akageuka akatazama ukutani.

Afadhali angenichapa.

Baba alitaka twende pamoja. Nikamwomba aniache nitangulie peke yangu. Nilivuka lami, nikafuata ua wa miiba hadi kwa Koko. Nyumba ya mabati ilikuwa inang'aa, na yeye alikuwa mbele yake anasuuza kibuyu. Nikainamisha kichwa kama mtoto anavyomsalimu mkubwa, nikangoja mkono wake uniguse utosini. Haukuja. Basi nikasema nikiwa nimeinama vivyo hivyo, kwa lugha yake: aliyoyasema yeye, niliyoyasema mimi, na sababu.

Aliniuliza swali moja tu. "Kwa hivyo walipoitikia, walikuwa wanaitikia maneno yako?"

Nikasema ndiyo.

Nikamwomba tuje Alhamisi hii. Akatikisa kichwa. "Nyumba mpya haiingiwi mara mbili," akasema. "Niliingia jana, peke yangu. Niliwasha moto, nikaomba mwenyewe."

Ndipo mkono ukagusa kichwa changu, kidogo tu, kama mtu anayeangalia kama pasi imepata moto. Akarudi kwa kibuyu chake.

Sijui kama ule ulikuwa msamaha au ni desturi tu. Nimelala nikiwaza, nimeamka nikiwaza. Nyuma ya daftari hili kuna orodha ya kazi ninazotamani kufanya nikimaliza shule, na ya kwanza ni mkalimani. Niliiandika mwaka jana kwa wino wa kijani. Sijaikata. Sijui kama nina haki ya kuiacha.

Leo Koko hakuja kanisani. Benchi ya pili ilikaa wazi pale mwisho, kwa sababu hakuna mwingine aliyezoea kuketi hapo.

Wakati wa ushuhuda nilisimama bila kuitwa. Mzee Lemayian, ambaye amerudi kutoka Kimana, alianza kuinuka akidhani anahitajika, nikamwashiria akae. Nilisema kwanza kwa Kimaasai, kama Koko alivyosema, bila kupunguza. Kisha kwa Kiswahili: binti yangu amenijengea nyumba ya mabati, sijaingia, nataka watu wa Mungu waingie kwanza, waombe, ndipo mimi niingie, njooni Alhamisi jioni, nitachemsha chai, na mbuzi yuko. Nikawaambia hayo ndiyo yalikuwa maneno ya Koko Jumapili iliyopita, na kwamba yale waliyoyaitikia yalikuwa yangu.

Hakuna aliyesema Amina.

Nikarudi kwenye benchi, nikampokea Imani ili Mama aende kuongoza kwaya, nikaketi.