Elia, Mdogo Wako Yuko Ndani

Mwanangu Elia,

Hapa nyumbani hatujambo. Kahawa imeiva yote kwa pamoja, mikono haitoshi, baba yako anakohoa lakini anachuma. Ninachokuandikia ni habari ya mdogo wako, Nathanaeli. Amegongwa kichwa mpirani kama wewe. Usishtuke. Yuko hai, na ninataka abaki hai.

Walikuwa wanacheza na vijana wa mjini. Akaruka kuupiga mpira kwa kichwa, akakutana na kichwa cha mwenzake, akaanguka chini. Wakamfanyia yaleyale waliyokufanyia wewe: maji ya mfereji kichwani, wakamwuliza jina lake, akalitaja, watu wakapiga makofi, akarudi kucheza. Jina! Hata wewe jina lako ulilitaja vizuri. Mechi iliyofuata ulipigwa bega tu na mtu, hukuamka tena.

Mimi nilimwona jioni. Alikaa ameupa mlango mgongo, mwanga unamwumiza. Akaniuliza, ng'ombe amekamuliwa? Nikamjibu. Akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu nikaweka chini ndizi niliyokuwa namenya. Nikamwuliza nani alifunga bao, hajui kama kulikuwa na bao. Akanifokea, yeye ambaye hajawahi kunifokea, kisha akatapika. Nikasema moyoni, jina analo, lakini mwenyewe bado hajarudi.

Tukamteremsha hospitali kwa machela saa ileile. Dresa, tabibu wa pale, alimwangalia mpaka asubuhi. Alisema ubongo umetikisika. Apumzike, hata vitabu aviache. Kichwa kikitulia kabisa aanze kazi nyepesi, aongeze kidogo kidogo, maumivu yakirudi naye arudi nyuma, na mpira auguse mwisho wa yote. Akasema, mama, ubongo ukitikiswa tena kabla haujapona, mtu anaweza kufa. Nikamwambia, baba, hilo nalijua.

Hazikupita siku nyingi Nathanaeli akasema amepona. Wewe nawe ulisema umepona, kumbe kichwa kinakuuma, unaogopa kuachwa kwenye timu. Basi nikafikiri, huyu nitamzuiaje? Nikamweka ndani kama tunavyowaweka vijana wakitoka jando: mtori wa ndizi, maziwa, na hakuna wa kumwita nje mpaka wakubwa waseme.

Nahodha wao Zakayo akaja na wenzake. Walikuwa na fainali na timu ya shamba la mzungu kule Momela, Bwana DC mwenyewe anakuja kutoa kikombe.

"Shikamoo mama. Tumemfuata Natha."

"Marahaba wanangu. Natha yuko ndani."

"Ndani ya nini tena, mama? Si tulitahiriwa naye?"

"Ile mara mlingoja kidonda. Safari hii ngojeni kichwa."

Walicheka, Elia, hata mimi nilitaka kucheka. Mmoja akapiga kelele nyuma ya ua wa masale, "Mwali wa mara mbili! Nyonya maziwa vizuri!" Lakini waliondoka. Kijana aliye ndani haitwi, wanajua. Fainali wakafungwa, na mdogo wako akaninunia. Chakula anakula, neno hanipi.

Kichwa kilipotulia nikamtoa kidogo kidogo. Kwanza kutembea mpaka mferejini na kurudi. Halafu kukata majani ya ng'ombe. Halafu mkungu wa ndizi, begani, si kichwani. Kila jioni namwangalia macho, namwuliza tulikula nini asubuhi, anaona kero.

Leo nimemruhusu akimbie kupanda kutoka mferejini. Alifika anahema, akanywa maji, akakaa. Nikajiandaa kuambiwa uongo. Mara akasema mwenyewe, hakuna aliyemwuliza, "Mama, kichwa kimeanza kugonga huku nyuma."

Niligeukia jikoni asinione uso. Mzazi gani anafurahi mtoto akisema anaumwa? Lakini amesema, Elia. Amesema! Nikamwambia kesho arudi kwenye majani, akajibu haya mama, tena bila kununa.

Sasa naweza kukuaga, mwanangu. Lala, usimhangaikie. Sitamtoa kwa ajili ya kikombe wala kwa ajili ya kicheko cha watu. Atatoka akiwa mzima wote, na siku atakayocheza nitakuwepo pale pembeni mwa uwanja nimesimama, na akianguka, wa kumwuliza maswali nitakuwa mimi.

Mama yako