Kumsafisha Yuda

Mirella nimetapika. Ndani ya kanisa kuu, nyuma ya nguzo!!

Si unajua wiki nzima namsafisha yule Yuda aliyechorwa ukutani karibu na mlango? Uso wake una ukoko wa kahawia, maji hayautoi. Basi nikafanya kama tulivyofundishwa chuoni kusafisha michoro ya kale: pamba kwenye kijiti, nalowesha kwa mate, nafuta. Ila mimi na uvivu wangu nikawa nakirudisha mdomoni kijiti kilekile.

KILEKILE Mirella.

Leo mzee Ottorino, mtunza kanisa, kasimama nyuma yangu anacheka mpaka anakohoa. "Binti yangu, unaramba nini hapo?"

Nikamwambia ni moshi wa mishumaa.

"Moshi gani! Mate hayo. Kila Ijumaa Kuu mji mzima tunamtemea huyo msaliti. Babu yangu kamtemea, mimi namtemea."

Mate. Ya mji mzima. Ya babu yake!!

Nimesukutua kwa grapa, ile pombe kali ya zabibu, mara tatu, bado nawasikia wote ulimini. Kinyaa hiki sijawahi kukiona.

Halafu mzee akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nitamaliza leo. Kesho ndiyo Ijumaa Kuu, na watu wanapenda kumkuta msafi.