Hewa Imekula N

Shoga, nakufa kwa kicheko.

Si unajua tunajaribu magari yanayosemezana kwa taa? Leo nilikuwa kwenye gari la mbele, na yule injinia mpole ninayekuchosha kwa habari zake kila siku alikuwa kwenye la nyuma, na bosi pembeni yake.

Nikamtumia NAKUONA. Joto la lami likayumbisha mwanga, likameza N ya pili.

Kioo cha kompyuta yao kikaonyesha NAKUOA. NAKUOA, shoga.

Bosi redioni: "Dada, wewe huoi, unaolewa."

Nikamwambia sarufi naijua, kosa ni la hewa.

Mara taa za injinia zikametameta, kioo changu kikaandika: NIOE.

Utasema aliandika NIONE, hewa ikala N tena?

Lakini wingu lilishafunika jua. Lami ilishapoa.