Kumfundisha Mama Mkwe Udereva

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amepiga marufuku habari za barabarani mezani. Anasema watoto wameanza kutukana watu wakiwa kwenye baiskeli zao. Haya. Nitaandika humu, na daftari litakaa kwenye begi la kazini.

Leo mzunguko wa sokoni. Magari manne yameingia kwa pamoja, kila dereva akiamini ni zamu yake. Wakasimama pua kwa pua. Hakuna aliyekubali kurudi nyuma — kurudi nyuma aibu, afadhali tuzeekee pale. Mwenye gari kubwa jeupe akashusha kioo akaniuliza mimi nilijifunzia wapi kuendesha. Mimi! Juu ya gari langu kuna bango: SHULE YA UDEREVA. Nikamwonyesha bango. Akasema ndiyo maana.

Miaka yote hii nafundisha, na watu wakishapewa leseni wanafuta kila kitu kichwani kabla hawajafika kwao. Indiketa wameifanya siri ya familia. Hawataki mtu ajue wanakokwenda.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe anataka kujifunza gari. Ametangaza wakati wa chai, kikombe mkononi, kama mtu anayesema anataka sukari.

Anaishi kwetu tangu alipofiwa na mumewe. Analala chumba kimoja na watoto, kitanda cha chini, mjukuu akijigeuza juu yake usiku kucha. Nyumba yake iko kule lami inakoishia, juu ya kilima. Basi halifiki. Pikipiki ilimbeba mara moja, ikammwaga mtaroni, akaapa hatapanda tena. Gari la marehemu liko uani kule, limefunikwa turubai.

Amesema akipata leseni anarudi kwake siku hiyo hiyo. Kwamba ametushukuru, lakini mtu mzima anataka mlango wake.

Mke wangu akanigeukia. "Utamfundisha wewe." Halikuwa swali. Kisha akaongeza, taratibu, kwamba siku nitakayomfokea mama yake nitafute pa kulala.

Jumamosi, 8 Machi

Somo la kwanza. Mungu ananiona.

Mimi wanafunzi nawafokea. Ndiyo njia yangu. Nyuma ya mgongo wangu wananiita Honi, na mtu akishafundishwa na Honi hasahau breki iko wapi hata akiwa usingizini. Sasa mama mkwe utamfokeaje? Unaanza, "Mama, samahani, kama hutajali, naomba ukanyage…" — na hapo ukuta umeshakuja kuwasalimia.

Halafu ni fundi cherehani. Maisha yake yote alikuwa anashona kwa cherehani ya miguu. Anakanyaga mafuta kama anashona pindo la suruali: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Gari linaitikia kwa kichwa njia nzima.

Bahati gari la shule lina klachi na breki nyingine upande wangu. Mdomo uliposhindwa, miguu ikasema. Nikakanyaga polepole, kistaarabu. Gari likasimama kama limelazwa kwenye pamba, hatua mbili kutoka ukutani.

Mama akashusha pumzi. "Kumbe si kazi, baba."

Nikamwambia amejitahidi sana.

Jumatano, 12 Machi

Tumeingia barabarani. Kabla sijafika kwa Mama, niandike niliyoyaona, maana yamenikaa kooni.

Kijana wa pikipiki amebeba kochi. Kochi zima, na mwenye kochi amekaa juu ya kochi, anaongea na simu. Dada mmoja amevuka barabara na vitu vyake masikioni, mwendo wa mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni kuangalia maharage. Alipopigiwa honi alikasirika. Dereva wa basi amesimama katikati ya njia kumsalimia dereva mwenzake, wakaulizana habari za mgonjwa, wakacheka. Nyuma yao nusu ya mji imekaa inasubiri mgonjwa apone. Na wale wa kwenye magari ya vioo vyeusi wanapanda juu ya njia ya miguu, wanatuacha kwenye foleni kama mafala. Nafikiri wengi wao niliwafundisha mimi.

Mama katikati ya hayo yote, mtulivu. Kwenye zebra gari limesimama vizuri, mzee mmoja akavuka, akainua mkono kushukuru. Mama akainua wake. Akafurahi mpaka nikaona haya kidogo.

Maana gari nililisimamisha mimi. Na kwenye taa pia. Na pale kwa yule wa kochi, mara mbili.

Ijumaa, 21 Machi

Imekuwa mazoea. Yeye anashika usukani — na usukani, kusema kweli, anaujua, ana mkono ulionyooka kuliko wengi — mimi chini ninafanya kazi ya punda. Klachi yangu. Breki yangu. Yeye akiona hatari huinua mguu kwenye mafuta, anatulia, anasubiri. Gari linasimama. Anaamini ndivyo magari yalivyo.

Mara moja nikasema, "Mama, breki, ile ya katikati, jaribu kuikanyaga zaidi."

"Naigusa," akasema. "Si linasimama?"

Ni kweli. Lilikuwa limesimama.

Jioni mezani, ambako mimi nimefungwa mdomo, yeye anaruhusiwa kusema atakavyo. Akasema madereva wa siku hizi hawana adabu, wanakimbia kimbia tu, na kwamba kuendesha ni utulivu. Watoto wanamsikiliza mdomo wazi. Mke wangu akanibana mkono chini ya meza, macho yamemlainika. Akaniambia baadaye kwamba hakujua nina subira hivi.

Sina subira. Nina miguu.

Jumatatu, 24 Machi

Amejiandikisha mtihani! Mwenyewe, kwa simu, bila kuniuliza. Alhamisi ya tarehe tatu. Na mtahini ni Bwana Mstari.

Tunamwita hivyo kwa sababu pale uwanjani kuna mstari mweupe wa kusimamia, na tairi likiuvuka hata kwa upana wa kidole, umeanguka. Hasikilizi hadithi. Anakaa kiti changu, miguu ameikunja nyuma chini ya kiti ili isishutumiwe, kalamu mkononi. Ni mtu pekee katika biashara hii ninayemheshimu. Na sasa ndiye ananikosesha usingizi.

Jumapili, 30 Machi

Asubuhi barabara tupu. Nikasema leo ndiyo leo. Nitaondoa miguu, liwalo na liwe, ajifunze.

Nikaikunja nyuma kama Bwana Mstari. Mita chache tu. Pembeni akatokea mwanamume mmoja anakimbia mazoezi, kaptula, kitambaa kichwani. Anakimbia katikati ya barabara kwa sababu, nadhani, njia ya miguu haimtoshi yeye na afya yake. Mama akamwona. Akainua mguu kwenye mafuta. Akatulia. Akasubiri.

Gari halikusubiri.

Nilikanyaga kwa nguvu mpaka mikanda ikatukaba. Yule bwana akapiga gari langu kofi, akaendelea na afya yake. Mama akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama niko salama, maana nimeloa jasho. Akasema huenda nahitaji kupumzika.

Tulirudi. Nina wanafunzi wengine wanne wiki hii na wote nimewafokea kupita kiasi.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Akaacha.

"Yaani mama yangu hajawahi kusimamisha gari?"

"Hajawahi."

"Hata mara moja."

Nikachukua shati moja, nikalikunja.

Akakaa kitandani. Nilidhani atacheka, au atanifukuza. Akasema tu kwamba mama yake ameshamwita fundi kule kilimani, turubai limeondolewa, betri mpya imefungwa. Kule kuna ule mteremko. Wote tukaufikiria ule mteremko.

"Mwambie," akasema.

"Ni mama yako."

"Miguu ni yako."

Jumatano, 2 Aprili

Nilikwenda kumwambia. Kweli nilikwenda.

Nilimkuta chumbani kwa watoto anafunga mizigo. Cherehani ameivisha shuka. Akaniambia nikae, nikakaa kwenye kitanda cha chini, kichwa kikagonga mbao za juu. Hapo ndipo amelala muda wote huu.

Akasema nimsikilize. Kwamba alipoanza alikuwa anaogopa, si gari — mimi. Kila mtu alimwambia ninafoka. Jirani alimwambia binti yake alitoka kwenye gari langu analia. "Nikajiandaa kulia na mimi," akasema. "Hukunifokea hata siku moja. Ukaniachia. Nikajiona kumbe mimi mtu."

Nilikuwa na maneno yangu yote mdomoni. Nikayameza. Niliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto.

Nikamsaidia kufunga kamba kwenye cherehani. Hilo ndilo nililofanya.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika nikiwa chooni. Choo cha uwanja wa mtihani, komeo limefungwa, nimesimama kwa sababu pa kukaa hapakaliki.

Asubuhi alivaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe. Aliendesha kutoka nyumbani mpaka hapa, yaani tuliendesha. Bwana Mstari akaja, akamwamkia Mama kwa adabu, akakaa kiti changu. Miguu akaikunja nyuma. Mimi nikasimama pembeni kwenye uzio pamoja na walimu wengine. Mmoja wao akanipongeza kumfundisha mzazi. Akasema yeye asingeweza.

Gari likazima. Akaliwasha. Likazima tena. Mara ya tatu likaondoka, likiruka ruka, likanyooka vizuri kabisa kuelekea mstarini. Mkono umenyooka, nilisema. Likaufikia mstari mweupe. Likaupita, halina habari. Likapita koni zote mbili. Likaenda kuegemea lundo la matairi ya zamani mwisho wa uwanja, likazima lenyewe.

Hakuna aliyeumia. Walimu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekanyaga ardhi hadi kisigino kinauma.

Mama akashuka. Hakuwa na hofu, hakuwa na hasira. Akaja mpaka kwenye uzio, mbele ya wote, akaniuliza kama mtu anavyomuuliza fundi:

"Baba, mbona leo halikusimama lenyewe?"

Vicheko vikakatika. Bwana Mstari, bado kitini, akainama akazitazama pedali zilizo chini yake. Kisha akanitazama mimi. Yule mtu anajua kazi.

Nikasema naomba kwenda haja.

Sasa Mama yuko nje ya mlango; anasema Bwana Mstari amemwonyesha pedali za upande wangu. Anagonga, si kwa nguvu. Ameniambia nisiogope, hatapiga kelele, anataka kujua kitu kimoja tu arudi nacho nyumbani: katika siku zote zile, ni siku gani aliendesha yeye.

Anangoja. Viatu vyake naviona chini ya mlango.

Jibu ninalo. Ndiyo maana sitoki.