Milimita Kumi na Nane

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umelala ukashiba usingizi na maumivu ya bega yamepungua. Daktari alisema mfupa wa mtulinga huunga kwa wiki sita. Leo ni siku ya kumi na moja, kwa hiyo umebakiwa na siku thelathini na moja, na tafadhali usizipunguze kwa ubishi wako. Mama hajambo? Mwambie asikubebe kama mtoto mchanga, una miaka arobaini na mitatu. Wifi namsalimu sana, na watoto pia. Mimi huku mwili mzima, ila roho haina pa kukaa.

Kaka, sikuandikii kukupa pole. Pole nilikupa pale pale barabarani, na wauguzi unao wawili. Nakuandikia kwa sababu juzi Mwenyekiti wa chama chetu cha waendesha baiskeli alikuja karakana. Nilimvutia kiti akakikataa, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta hati ya kumfukuza mpangaji. Akaniambia Jumamosi wanachama watakutana kuamua kama niendelee kuwa fundi wa chama au nirudishe ufunguo wa karakana. Nikauliza nimekosa nini. Akasema wewe mwenyewe, ukiwa kitandani, umewaambia waliokuja kukuona kwamba nilikata waya wa breki ya nyuma mfupi mno, ndiyo maana usukani ulikugomea kwenye pipa la kugeuzia siku ya mashindano. Ati mdogo wako anapenda urembo kuliko uhai wa watu.

Urembo! Mimi?

Nani aliyekuwa akisimama nyuma yangu, mikono kiunoni, akisema waya unaoning'inia mbele ya usukani ni ndevu za beberu? Nani alimwambia yule muuza maziwa mwanachama mwenzetu, mbele ya watu, kwamba baiskeli yake inafanana na kapu la nyavu? Kila nilipokuonyesha urefu niliokadiria ulisema kata tena, kata tena, mpaka nikakuuliza kama unataka nifunge breki kwa uzi wa kushonea. Mara tatu ulitaka nipunguze, na mara tatu nilikataa. Ukanuna wiki nzima. Hayo hukuwasimulia wageni wako.

Kazi hii sikuirithi, Kaka. Nilianza na spana moja na bakuli la maji la kutafutia matundu ya mipira, chini ya ngazi za nyumba ya kupanga, na ilinichukua miaka kumi na miwili kufika mahali ambapo mtu anaacha baiskeli yake ya mbio mlangoni bila kuuliza itakuwa tayari lini. Nimefika kwa kupima. Wewe ndiye uliyenibandika jina la Milimita ukidhani unanicheka, likanikaa. Unajua ninavyofanya: kabla koleo halijagusa waya, nageuza usukani mpaka mwisho wa kushoto, halafu mpaka mwisho wa kulia, kisha napima ulegevu uliobaki. Waya unaoingia ndani ya fremu lazima upinde taratibu kama shingo ya bata, usivunjike kama kiwiko, na ubaki na akiba. Baiskeli yako niliiachia akiba ya milimita kumi na nane, usukani ukiwa umegeuka kushoto mpaka mwisho. Niliiandika kwenye kipande cha utepe, nikakibandika chini ya tandiko. Kipo mpaka leo.

Sasa twende kwenye siku yenyewe. Mlikimbia mpaka kwenye pipa jekundu, mlizunguke kwa kushoto, mrudi. Ulifika wa pili. Ulikata kona, usukani ukageuka, ukasimama kabla haujafika mwisho kana kwamba umeshikwa na mkono wa mtu. Ukaliingia pipa kwa bega. Watu wakapiga kelele, mimi nikakimbia, na kabla hawajakuinua ulikuwa umeshaniangalia na kusema ni waya zako hizo.

Baiskeli iliporudi karakana sikuigusa. Iko ilivyoanguka. Chini ya usukani kuna pete mbili ambazo sikuziweka mimi. Kila pete ina unene wa milimita kumi. Umeuinua usukani kwa milimita ishirini, Kaka, na waya ulikuwa na akiba ya kumi na nane. Hata mwanao wa darasa la pili anaweza kuitoa hesabu hiyo. Umepungukiwa na mbili, na mbili hizo ndizo zilizokuvunja bega.

Najua na sababu. Wifi aliniambia hospitalini, na usithubutu kumgombeza. Mgongo unakuuma tangu mwaka jana, huwezi tena kuinama vile vijana wanavyoinama, ukaona aibu wasikuite babu. Ukazipachika pete mwenyewe chumbani, alfajiri ya siku ya mashindano, mlango umefungwa. Ungeniambia, ningekubadilishia waya na ganda lake kwa dakika arobaini, na nisingemwambia mtu. Dakika arobaini! Lakini ungejishushaje kumwomba mdogo wako? Ikawa heri jina langu lizikwe kuliko mgongo wako ujulikane.

Nimeandika mpaka hapa kwa hasira, na ningependa kuishia hapa, maana mpaka hapa nimekushinda. Lakini kuna jambo hujui, na hakuna mtu anayelijua.

Utakumbuka wiki moja kabla ya mashindano, chama kizima kikiwa karakana, mtu alinisifu kwa jinsi nilivyopanga waya za baiskeli yako. Wewe ukadakia kwamba asinisifu mno, hiyo ni kazi ya ususi tu, huyu alizaliwa awe msusi, amekosa vichwa akahamia kwenye baiskeli. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka. Nikaenda nyuma kunawa mikono iliyokuwa safi.

Asubuhi ya mashindano nilipita kwenye mstari wa kuanzia nikikagua matairi, kama kawaida yangu. Nikaziona pete. Nilikuwa karibu nawe kuliko kalamu hii ilivyo karibu na karatasi. Nikauona na waya ulivyokazwa. Mtu mwingine angeweza kujitetea kwamba hakutambua. Mimi siwezi. Ile hesabu niliipiga pale pale nimesimama, kumi na nane toa ishirini, na nikalijua pipa liko wapi na mnalizunguka kwa upande gani. Palikuwa na dakika sita kabla ya filimbi. Ningesema neno moja tu, shuka. Nikajiambia moyoni, msusi anajua nini kuhusu usukani? Mwache fundi mkubwa aende. Nikakupigapiga begani, hilo hilo lililovunjika, nikapita kwa baiskeli inayofuata.

Nilidhani utakwama kidogo, uaibike, uje kwangu kuomba. Ndivyo nilivyodhani, ila kudhani si kupima, na mimi sina ruhusa ya kudhani.

Bado nina hasira na wewe. Hasira hiyo haijapungua hata nukta kwa kukuandikia haya, usije ukadhani naomba tufutiane. Leo asubuhi nimempelekea Mwenyekiti barua ya mistari minne. Nimeandika kwamba baiskeli yako ilikuwa na kosa kabla ya filimbi, kwamba nililiona, na kwamba nilinyamaza. Nani alilitia kosa hilo sikuandika. Hilo wataliuliza Jumamosi, na daktari ameruhusu ukae kitini saa mbili kwa siku. Njoo. Nitakuwa safu ya mbele, sitafungua mdomo, nitakuwa nakutazama wewe tu.

Mpe Mama salamu zangu zote, mwambie nitakuja kumsaidia kufua mashuka. Wifi na watoto nawabusu. Meza dawa zako baada ya kula, si kabla. Mungu akuunganishie mfupa huo unyooke.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Milimita